Princeton, Baruch, Zurich au Kigali: kupima nafasi yako ya uzamili wa hisabati za fedha

Kila mwaka ifikapo Agosti hunijia ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana waliomaliza takwimu bima, hisabati au uhandisi: "Shikamoo kaka, nina GPA ya 4.1 ya Mlimani, naweza kuingia Princeton?" Ni swali zuri, ila ni theluthi tu ya swali lenyewe. Uzamili wa hisabati za fedha, yaani ule unaofundisha kukokotoa bei za mikataba ya masoko, kupima hatari na kuandika programu za biashara ya hisa na dhamana, ni ghali mno. Aliyekubaliwa na chuo asipate pesa, hasomi. Aliyelipiwa kila kitu akanyimwa viza, naye hasomi.

Kwa hiyo mimi hupima kwa kuzidisha: nafasi ya kukubaliwa, mara nafasi ya kulipiwa, mara nafasi ya viza. Tuseme chuo cha kwanza kinaweza kukuchukua kwa 1 kati ya 10, ufadhili upatikane kwa 1 kati ya 4, viza kwa 1 kati ya 2. Zao lake ni 1 kati ya 80. Chuo cha pili kinakuchukua kwa 1 kati ya 3, kila anayechukuliwa analipiwa, na viza haidaiwi. Hapo umebaki na 1 kati ya 3 ile ile. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Lakini ziandike kwenye karatasi kabla hujalipia maombi hata ya chuo kimoja.

Kuna namba nyingine inayowavunja moyo vijana bure. Vyuo vya Princeton na Baruch vya Marekani huchukua chini ya watu 10 katika kila 100 wanaoomba. Hiyo si nafasi yako. Kamati haichezi bahati nasibu. Inaanza kwa kuwaondoa wasio na masomo ya hisabati yanayotakiwa, na hao ni wengi. Aliyekamilisha masomo hayo ana nafasi kubwa kuliko inayotangazwa. Aliyeyakosa yuko karibu na sifuri, hata barua yake ya maombi iwe na ufasaha wa namna gani.

Waombaji wawili, meza moja

Mmoja amesoma takwimu bima, ana daraja la kwanza, amefanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni ya bima na amefaulu mitihani miwili mitatu ya chama cha Uingereza cha wataalamu hao. Mwingine amesoma uhandisi wa umeme, ana daraja la pili la juu, lakini kalkulasi zote amepata A, aljebra ya mistari A, na anaandika C++ bila kushikwa mkono.

Watu wetu wengi watasema wa kwanza ana nafasi kubwa, kwa kuwa amesoma "mambo ya fedha". Mimi naona kwa vyuo vya Marekani wako karibu sana, na mara nyingi mhandisi ndiye anayetangulia. Programu hizi hazitafuti mtu anayejua fedha. Fedha watakufundisha wenyewe. Wanachotaka ukija nacho ni kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mistari, milinganyo ya tofauti, nadharia ya uwezekano iliyojengwa juu ya kalkulasi, na lugha moja ya kompyuta unayoimudu kwa dhati, Python au C++. Somo la uchambuzi wa kihisabati, lile la kuthibitisha kila hatua, linakuongezea uzito mkubwa, na vivyo hivyo michakato ya nasibu, yaani hisabati ya vitu vinavyobadilika kwa bahati kadiri muda unavyokwenda.

Mtakwimu bima kwa kawaida ana uwezekano na takwimu za kutosha, lakini aljebra ya mistari aliiona mara moja mwaka wa kwanza na programu yake ni Excel. Dawa yake ni kompyuta na aljebra. Mhandisi anakosa uwezekano wa kina, kwa hiyo dawa yake ni somo moja au mawili ya uwezekano yenye cheti na alama. Ile mitihani ya takwimu bima nayo isidharauliwe: mtihani wa CM2 unagusa mwendo wa Brown na kanuni ya Black na Scholes, zinazotumika kukokotoa bei za mikataba ya masoko, na aliyeufaulu ana ushahidi ambao msomaji wa London anautambua mara moja. Msomaji wa New York huenda asiutambue. Mweleze kwa sentensi moja.

Karatasi ya matokeo inavyosomwa ugenini

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nimeona vijana wazuri wakipotea hapa.

GPA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya kipimo cha 5, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Marekani kipimo ni 4. Ukiandika "4.1" bila kutaja kipimo, msomaji atashindwa kuelewa au atadhani unadanganya. Ukijigeuzia mwenyewe kwa kugawanya 5 na kuzidisha 4, unapata 3.28, namba inayokuonyesha dhaifu kuliko ulivyo, maana kwetu daraja la pili la juu si jambo dogo. Andika namba yako kama ilivyo, taja kipimo, taja daraja, na kama chuo kinakupa nafasi yako katika darasa, iweke. "Wa nne kati ya 62" haihitaji mkalimani.

Kenya shida ni nyingine. Alama 70 ni A na ndipo daraja la kwanza linapoanzia. Mmarekani akiona 68 kwenye karatasi anaona mwanafunzi aliyeponea chupuchupu, wakati Nairobi huyo ni kijana hodari. Uingereza hawana shida hiyo, kwani mfumo ni wao: 70 yao na 70 yetu zinaelewana. Kwa sababu hiyo tu, mtu huyu mmoja mwenye karatasi hii moja anaweza kuwa na nafasi bora Imperial, chuo cha London, kuliko chuo cha Marekani kilicho chini ya Imperial kwa sifa.

Na msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura, wewe alama zako ni kwa 20. Paris wanajua 14 kwa 20 ni kitu gani. New York hawajui.

Jambo la mwisho hapa ni miaka. Shahada nyingi za Tanzania ni miaka mitatu, na vyuo vingi vya Marekani vimezoea minne. Usiogope, lakini usinyamaze. Miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, 3 ya chuo: jumla 16. Mkenya wa 8-4-4 naye ana 16. Sentensi moja kwenye maombi yako inatosha. Zurich na kwingine Ulaya bara shahada ya miaka mitatu ni ya kawaida kabisa. Afrika Kusini hali ni kinyume: uzamili wao hudai mwaka wa nne wa heshima (honours), na Mtanzania anaweza kuambiwa auanze huo kwanza.

GRE, usaili na barua

GRE, ule mtihani wa kuombea uzamili Marekani, nasema kwa ufupi. Sehemu ya hesabu inaishia 170, na wanaokubaliwa kwenye vyuo vya juu wengi wako 167 kwenda mbele. Hesabu zenyewe ni za sekondari. Kinachopimwa ni haraka na umakini. Ukipata 170 hujashinda, umezuia kushindwa. Ukipata 160, rudia, na kumbuka kila mara ni zaidi ya dola 200. Vyuo vya Uingereza kwa kawaida haviidai, na kwa mtu ambaye dola 200 ni kodi ya miezi kadhaa, hiyo nayo ni sehemu ya ulinganisho.

Usaili ndio unaowatofautisha. Baruch wanajulikana kwa kuuliza hesabu papo hapo. Swali la aina hii: rusha sarafu mpaka upate kichwa mara mbili mfululizo, kwa wastani utarusha mara ngapi? Jibu ni 6. Kisha wanageuza: je, kichwa kikifuatiwa na mwenge, yaani upande wa pili wa sarafu? Jibu ni 4. Hapo ndipo linakuja swali lenyewe: mbona zinatofautiana, wakati kila mfuatano una nafasi ya robo katika marusho mawili? Aliyeelewa atasema kwamba ukisubiri kichwa na kichwa, mwenge ukitokea katikati umerudi mwanzo kabisa. Lakini ukisubiri kichwa na mwenge, kichwa kingine hakikurudishi popote, bado kichwa unacho mkononi. Kama maelezo haya yamekufurahisha, una dalili nzuri. Kama umeyaruka, jiulize kwa dhati kama unataka miezi 16 ya mambo haya.

Barua za mapendekezo: mwombe aliyekufundisha hisabati, si mkuu wa kitivo asiyekujua. Mpe miezi miwili, mpe orodha ya masomo yake uliyofaulu, mkumbushe kwa adabu. Mimi barua yangu moja ilitumwa siku tatu baada ya tarehe ya mwisho, na mwaka ule uliishia hapo.

Marekani: Princeton, Baruch, Carnegie Mellon, na zile za kati

Princeton ina darasa dogo, kozi ya miaka miwili kwa wengi, na jina lisilohitaji maelezo. Ni chuo binafsi, na ukijumlisha ada na maisha unavuka dola 100,000 kirahisi. Baruch ni chuo cha umma cha jiji la New York, kozi yake ni mihula mitatu katikati ya Manhattan, chini ya Dan Stefanica aliyeiongoza kwa miaka mingi. Ada yake ni nusu ya zile za binafsi au pungufu, na ukali wa kuchagua ni ule ule wa Princeton. Nikipewa nichague kwa hesabu ya pesa na kazi, nachukua Baruch. Tena wao wana masomo ya maandalizi ya kalkulasi, aljebra na uwezekano yanayofundishwa kwa mtandao, na alama nzuri humo ni ushahidi wanaouamini kwa kuwa wameutoa wao.

Carnegie Mellon ni ya tangu 1994, miongoni mwa za mwanzo kabisa. Inachukua miezi 16, inaendeshwa na vitivo vinne kwa pamoja, na unaweza kusomea Pittsburgh au New York. Darasa lake ni kubwa kuliko Baruch, kwa hiyo nafasi ya kukubaliwa ni kubwa kidogo, lakini bei ni ya chuo binafsi. Chini yake zipo programu nzuri kama NYU Tandon ya Brooklyn, Rutgers ya New Jersey na Chuo Kikuu cha Illinois. Hizi zinachukua sehemu kubwa zaidi ya waombaji. Hapo ndipo kuzidisha kunapookoa watu: kukubaliwa si tabu, pesa ndiyo tabu. Ufadhili kamili wa uzamili wa aina hii Marekani ni adimu. Kampuni kama Prodigy Finance na MPOWER hukopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini, lakini deni la dola 80,000 ukirudi nalo kwenye mshahara wa Dar au Kampala litakukalisha kitako miaka mingi.

Faida ya Marekani ni kazi. Kozi hizi nyingi zimesajiliwa kama za sayansi, kwa hiyo mhitimu anaruhusiwa kufanya kazi mwaka mmoja na kuongezewa miezi 24. Miaka mitatu ya mshahara wa New York inalipa deni. Ila viza yenyewe sasa ndiyo mlima. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza kuzuia viza, za masomo zikiwemo, kwa raia wa nchi kadhaa; Burundi iliingia kwenye tangazo la Juni na Tanzania kwenye la Desemba. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda hawakuwa kwenye matangazo hayo. Kwa hiyo vijana wawili wenye alama sawa, mmoja wa Arusha na mmoja wa Namanga upande wa pili, wana hesabu tofauti kabisa. Angalia hali ilivyo siku unayoomba, si siku unayosoma haya.

Ulaya: London na Oxford, Zurich, Paris

Oxford na Imperial zina kozi za mwaka mmoja au pungufu, ada ni zaidi ya pauni 35,000. Ukali wao uko kwenye hisabati. Oxford hasa wanapenda mtu aliyesoma uthibitisho. Uzuri wa Uingereza ni kwamba upo mlango wa ufadhili unaofahamika: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza unaolipa ada na posho kwa uzamili wa mwaka mmoja. Maombi yake hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba, unachagua kozi tatu, na unatakiwa uwe na saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili. Mtu aliyetoka chuoni jana hana nafasi hapo. Aliyekaa benki au mamlaka ya mapato miaka miwili anayo, na wengi wa watu hao hawajiambii kama wanaweza. Sharti lake ni kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo, kwa hiyo asiyetaka kurudi asipoteze muda. Kwa anayejilipia, ruhusa ya kufanya kazi baada ya uzamili ni miaka miwili, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 itakuwa miezi 18.

Zurich, kozi ya pamoja ya ETH, chuo cha teknolojia cha huko, na Chuo Kikuu cha Zurich, ni ya mihula mitatu na ada yake haikaribii hata robo ya ile ya London. Wengi wanashangilia hapo na kusahau mkate. Zurich ni mji wa gharama kubwa mno, na utaonyesha akaunti yenye pesa za kuishi kabla ya kupewa kibali. Uchaguzi wao ni wa karatasi ya matokeo zaidi ya barua.

Paris sisikii Waswahili wengi wakiitaja, na inanisikitisha. Ile kozi ya uwezekano na fedha ya Sorbonne Université na École Polytechnique, inayojulikana kwa jina la Nicole El Karoui aliyeianzisha na wenzake mwaka 1990, imewafunza watu walioko kwenye madawati ya masoko ya dunia nzima. Ada ya chuo cha umma kwa mgeni ni chini ya euro 5,000 kwa mwaka, na vyuo vingi vimekuwa vikisamehe sehemu yake. Masharti ni mawili: Kifaransa, na hisabati ya kina cha mwaka wa kwanza wa uzamili, maana kozi yenyewe ni ya mwaka wa pili. Mkongomani wa Lubumbashi au Mrundi aliyemaliza hisabati ana hapa kitu ambacho Mtanzania na Mkenya hawana. Kama lugha unayo, usiende kushindana New York kwa Kiingereza cha kujifunza wakati mlango huu uko wazi.

Afrika, na ile ya bure

Kigali na Muizenberg ziko taasisi za AIMS, kifupi cha Kiingereza cha Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati. Ya Muizenberg, karibu na Cape Town, ilianzishwa na Neil Turok mwaka 2003. Ya Rwanda ilifuata baadaye. Uzamili wake ni wa sayansi za hisabati, si wa fedha, lakini aliyekubaliwa husomeshwa kwa ufadhili kamili, na Mtanzania au Mkenya haingii Rwanda kwa viza. Huo ndio ule mfano wangu wa chuo cha pili. Haukufikishi Wall Street moja kwa moja. Unakupa mwaka mmoja wa hisabati ngumu, walimu wa kutoka nje wanaoweza kukuandikia barua zinazosomeka, na karatasi mpya inayofunika madoa ya ile ya zamani.

Chuo Kikuu cha Cape Town wana uzamili wa fedha za kihisabati wenyewe hasa, na benki za Johannesburg huutambua. Strathmore ya Nairobi nayo inafundisha hisabati za fedha katika uzamili, na kwa mtu anayetaka kubaki soko la Nairobi, mitandao ya hapo ina thamani kuliko jina la ng'ambo.

WorldQuant University inafundisha uhandisi wa fedha kwa mtandao, miaka miwili, bila ada kabisa. Kuingia kwake kunategemea jaribio la hesabu, siyo GRE wala barua. Kazi ni kumaliza, ukiwa na kazi ya mchana, umeme wa kukatika na watoto. Waajiri wa New York hawaipi uzito wa Baruch, lakini kwa mtu wa benki ya hapa anayetaka kuhamia kitengo cha hatari inatosha, na kwa mwenye mashimo kwenye karatasi yake ni njia ya kuyaziba bila deni.

Kuomba vyuo vingi

Kijana mmoja aliniambia ataomba vyuo kumi, kila kimoja nafasi 1 kati ya 10, kwa hiyo ana asilimia 65 ya kupata angalau kimoja. Hesabu yake ni sahihi kama vyuo haviathiriani. Lakini vyuo vyote kumi vinasoma karatasi ile ile. Kama tatizo ni C ya aljebra, vyote vitaiona C hiyo. Majibu yatakuja ya "hapana" kwa pamoja, na dola 1,000 za maombi zimekwenda. Ni bora vyuo vinne vinavyopima vitu tofauti: kimoja kinachotazama usaili, kimoja kinachoelewa alama zetu, kimoja chenye ufadhili wa wote, na kimoja cha kujaribu juu.

Yule wa 4.1 tulikaa naye Jumamosi moja Mwenge tukafungua karatasi yake. B+ ya aljebra, A mbili za uwezekano na michakato ya nasibu, Python ya kazini, miaka miwili na nusu benki. Ni Mtanzania, kwa hiyo Marekani tumeiweka pembeni mwaka huu. Ameandika Chevening na Imperial ya kwanza kwenye orodha, AIMS Rwanda kama mlango wa pili, na ameanza jaribio la WorldQuant leo usiku. Mwalimu wake wa michakato ya nasibu amekubali kuandika barua. Tarehe ya mwisho aliyompa iko wiki tatu kabla ya ile ya kweli.